Maumivu Sugu na Tiba ya Tabia kwa Njia ya Simu

Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Jeraha la awali huweza kuwa limekwisha kupona, ilhali mishipa ya fahamu na ubongo vinaendelea kupiga mbiu ya hatari. Mgonjwa huumia kweli. Kumwambia "huna kitu" kwa kuwa eksirei haikuonyesha kasoro ni kumwongezea mzigo.

Katika mashamba ya korosho ya Chiwata, wilayani Masasi, mwokotaji huinama kutwa. Mwenye maumivu ya kiuno ama hujikaza hadi akalala kitandani siku tatu, ama huacha kazi kabisa kwa hofu ya kuharibu mgongo. Njia zote mbili huzidisha tatizo: misuli hulegea, usingizi hupungua, hofu hukua. Diklofenaki inayomezwa miezi mingi nayo huweza kudhuru tumbo na figo.

Tiba ya fikra na tabia huvunja mzunguko huo. Anayeweza kuokota dakika 30 kabla maumivu hayajapanda huanza na dakika 20, akapumzika kabla ya kuumia, si baada yake. Kisha huongeza kidogo kila wiki, bila kujilipiza siku anayojisikia vizuri. Hapo ndipo wengi hukosea. Hujifunza pia kupumua kwa utulivu na kuihoji hofu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba hii pamoja na elimu na mazoezi.

Je, yaweza kutolewa kwa mbali? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha watu 2,331. Baada ya miezi 3, maumivu yalipungua kwa angalau asilimia 30 kwa asilimia 32 ya waliofundishwa na mtu kwa simu au video, asilimia 26.6 ya waliotumia programu ya intaneti peke yao, na asilimia 20.8 ya waliopata huduma ya kawaida. Tofauti si kubwa, lakini sauti ya mtu ilishinda programu, na sauti hupita hata katika simu ya kitochi.

Hata hivyo, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kudhibiti mkojo, miguu kuishiwa nguvu, homa au kukonda bila sababu havisubiri simu: mgonjwa apelekwe hospitali, kama ile ya Ndanda, siku hiyohiyo.