Babu, Roboti na Shamba la Kahawa

Likizo iliyopita nilikuta kikao cha ukoo nyumbani, Nkwenda, wilayani Kyerwa. Ajenda ilikuwa moja: tuuze shamba la kahawa Babu akafanyiwe upasuaji wa roboti? Binamu yangu alikuwa ameona video kwenye simu. Nikaambiwa, "Wewe uko chuo kikuu, tueleze." Jamani, nasomea ualimu, si udaktari! Lakini mwalimu huandaa somo kabla ya kuingia darasani. Nikaomba siku mbili, nikasoma.

Aota ndiyo mshipa mkubwa kuliko yote. Hutoka moyoni, hushuka tumboni mbele ya uti wa mgongo, na karibu na kitovu hugawanyika kuelekea miguuni. Tumboni kipenyo chake ni kama sentimita 2. Ukuta ukidhoofika, hutanuka kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Ukifika sentimita 3, huo ni uvimbe. Huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 65, hasa wavuta tumbaku. Mara nyingi hauumi, ila ukipasuka wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Ndio uliomuua Albert Einstein mwaka 1955.

Kwa wanaume, kwa kawaida upasuaji hufikiriwa ukifika sentimita 5.5. Daktari hufungua tumbo na kushonea bomba la kitambaa, au hulipitisha bomba kwenye mshipa wa kinena, njia aliyoitumia Juan Parodi huko Argentina mwaka 1990. Njia hii ya pili mgonjwa hupona haraka, lakini ana deni la kupimwa miaka yote. Mishipa midogo ya mgongoni inaweza kurudisha damu nje ya bomba, uvimbe ukaendelea kukua. Mivujo mingi ya namna hii hujifunga yenyewe. Isipojifunga, katika vituo vichache duniani daktari huongoza mikono ya roboti kupitia matundu madogo tumboni, akaifunga mishipa hiyo.

Sasa, Babu. Uvimbe wake ni sentimita 4.1, ulionekana kwa bahati kwenye utrasaundi alipokwenda kupima tezi dume. Daktari alimwambia aache kiko, ameze dawa za presha, arudi baada ya mwaka.

Nilipomaliza, Babu akauliza, "Kwa hiyo mjukuu wangu, roboti ni ya mtu aliyekwisha kutengenezwa?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi shamba libaki."

Kikao kikaisha. Kazi haikuisha. Kiko bado kinaonekana mfukoni mwake, na tarehe ya kipimo mimi ndiye niliyeiandika ukutani kwa chaki. Mwanachuo mwenzangu, kama una babu anayevuta, usitafute roboti kwanza. Mpeleke akapime tumbo.