SOMO LA 14: CHAKULA NA UZITO WA PAKA

Paka hufugwa katika nyumba nyingi ili awinde panya walao nafaka. Watu wengine hudhani kwamba paka akinyimwa chakula atawinda panya zaidi. Jambo hili si kweli. Paka huwinda kwa silika yake, hata akiwa ameshiba. Paka mwenye njaa hudhoofika, huiba chakula jikoni au huhama nyumba, na panya hubaki ghalani.

Meno na chakula

Mtazame paka anapopiga miayo. Utaona meno 4 marefu yaliyochongoka. Meno hayo huitwa chonge, na paka huyatumia kukamatia windo. Magego yake ni makali nayo hukata nyama kama mkasi. Hayasagi majani kama magego ya mbuzi.

Paka ni mnyama alaye nyama. Katika nyama na samaki mna kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha. Akikikosa kwa muda mrefu, macho na moyo wake huharibika. Mahindi na mihogo havina kirutubisho hicho. Kwa hiyo ugali mtupu haumtoshi paka. Mchanganyie dagaa waliochemshwa, utumbo au vipande vya nyama. Mwekee pia maji safi kila siku.

Usimpe paka vitunguu, kwani huharibu damu yake. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali viwezavyo kumchoma kooni au tumboni.

Kiasi cha chakula

Paka mkubwa apewe chakula mara 2 kwa siku, asubuhi na jioni. Watoto wa paka walioacha kunyonya wapewe kidogo kidogo, mara 3 au 4.

Paka alapo kupita kiasi, chakula kilichozidi hugeuka kuwa mafuta mwilini. Paka mnene huchoka upesi, viungo humuuma, na aweza kupata ugonjwa wa kisukari. Apunguziwe chakula pole pole, lakini asishindishwe na njaa. Paka mnene asipokula kwa siku kadhaa aweza kupata ugonjwa wa ini, akafa.

Paka akikonda ingawa anakula vizuri, huenda ana minyoo au ugonjwa mwingine. Mwambie mzazi wako amwone daktari wa mifugo.

Jaribio: Kupima uzito wa paka

Vifaa: mizani ya kupimia watu, paka mpole, daftari.

1. Simama juu ya mizani. Andika uzito wako.
2. Mbebe paka, usimame tena. Andika uzito wa ninyi wawili.
3. Toa uzito wako. Mfano: kilo 36 – kilo 32 = kilo 4. Paka wengi wakubwa huwa na kilo 3 hadi 5.
4. Pitisha vidole taratibu ubavuni mwa paka. Ukizigusa mbavu kwa urahisi chini ya ngozi, uzito wake ni wa kadiri. Zikionekana wazi kwa macho, amekonda. Usipozigusa hata ukibonyeza kidogo, amenenepa mno.
5. Nawa mikono kwa sabuni.

Rudia jaribio hili kila mwezi, ulinganishe majibu.

Maswali

1. Kwa nini ugali mtupu haumfai paka?
2. Eleza kazi ya chonge na ya magego ya paka.
3. Juma ana kilo 30. Akimbeba paka wake, mizani huonyesha kilo 37, na mbavu za paka hazigusiki. Juma afanye nini? Asifanye nini?