SOMO LA MWEZI HUU: MTOTO, KITABU NA PEPO WABAYA

Masomo: Mwanzo 1:27, Luka 10:17–20, Matendo 19:18–20



Wazazi wengine hutuuliza: Je, ni halali mtoto wa Kikristo kusoma hadithi za uchawi na pepo? Tusijibu kwa haraka. Tukifungue kitabu kimoja kwanza, ndipo tuhukumu.

Kitabu chenyewe ni Akata Witch, cha Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani ambaye wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria. Kilitolewa mwaka 2011 kwa ajili ya vijana. Habari yake ni hii. Sunny ni msichana wa miaka 12, aliyezaliwa New York, na sasa anakaa Nigeria pamoja na wazazi wake. Ana ualbino. Jua humchoma, na wenzake shuleni humcheka. Hata neno "akata" ni neno la dharau, ambalo wengine huwaitia Wamarekani weusi. Siku moja anatazama mwali wa mshumaa na kuona dunia inateketea. Baadaye anatambua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, wenye nguvu za siri. Pamoja na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, anatumwa kumkabili mtu aitwaye Black Hat Otokoto, anayeteka watoto ili amlete duniani Ekwensu, pepo wa kutisha.

Ekwensu hakubuniwa na mwandishi huyu. Ni jina la kale la Waigbo. Biblia ya Kiigbo ya mwaka 1913, iliyosimamiwa na Arkidiakoni Thomas Dennis wa CMS, yaani Mwanglikana kama sisi, ilipotaka neno la kumtaja Ibilisi ilichukua jina hilo. Basi tusishangae kulikuta katika hadithi. Nasi neno "pepo" hatukuletewa na wamisionari. Walilikuta vinywani mwa watu.

Sasa tusome Matendo 19. Watu wa Efeso walichoma vitabu vyenye thamani ya vipande vya fedha hamsini elfu. Lakini tuangalie ni nani waliochoma: ni wale wale waliokuwa wakiutenda uchawi. Vitabu vile vilikuwa vyombo vya kazi yao. Hadithi ya kubuniwa siyo chombo cha namna hiyo, na mtoto anayeisoma hajawa mchawi.

Hata hivyo hatusemi kwamba hakuna hatari. Katika kitabu hiki hata watoto wema hutumia nguvu za siri. Hapo mzazi hana budi kusema waziwazi: sisi katika ubatizo tulimkataa Shetani na kazi zake, na hatuzitafuti nguvu hizo hata kwa nia njema. Wale sabini walirudi wakifurahi kwamba pepo wanawatii, naye Bwana aliwaonyesha furaha iliyo kubwa zaidi, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni.

Lakini kuna jambo lingine, nalo ni zito. Katika hadithi, mwenye kuua watoto ni mtu mzima anayetaka ukuu. Na anayemrudisha Ekwensu alikotoka ni yule mtoto mwenye ualbino, aliyechekwa na wote. Kwetu Tanzania tumeona mambo kinyume cha hayo. Katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa waganga waliwadanganya watu kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Otokoto wa kitabu ni wa kubuniwa. Hawa wetu walikuwa na nyumba na majirani.

Basi tujiulize bila kujificha. Je, hatari kubwa ni kitabu kilicho mkononi mwa mtoto, au ni baba anayepokea Komunyo Jumapili asubuhi, kisha usiku akabisha hodi kwa mpiga ramli? Mtoto akisoma juu ya Sunny, huenda kesho akakataa kumwita mwenzake "zeruzeru". Hilo si jambo dogo, maana kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Shauri letu ni hili: mzazi asikitupe kitabu asichokisoma. Akisome pamoja na mtoto wake, wazungumze.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Waefeso walichoma vyombo vya kazi yao. Je, nyumbani kwetu kuna hirizi tuliyoificha?

2. Tangu 2015, tarehe 13 Juni ni siku ya kimataifa ya ualbino. Kanisa letu litafanya nini siku hiyo?

3. Mtoto mwenye ualbino akiingia kanisani, ataketi karibu na nani?