Fundi wa Mapatano au Mtumishi wa Kudumu?

Msimu wa mavuno ukaribiapo, au duka likuapo hata mikono ya wenye nyumba isitoshe, swali moja huzuka katika jamaa nyingi za Kikristo: Je, tumwajiri mtu wa kudumu, au tupatane na fundi kwa kazi hii tu, tumlipe, kisha tuagane? Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la hesabu tu. Sisi twaona kwamba ni jambo la hesabu na la haki pamoja.

Tuseme wazi tangu mwanzo: kumwita mtu kwa kazi ya mapatano si dhambi. Katika mfano wa Bwana wetu, mwenye shamba la mizabibu alikwenda sokoni asubuhi, akapatana na vibarua ujira wa siku, na jioni ile ile akawalipa. Kosa si kumwita kibarua. Kosa ni kumfanya mtu kibarua wa miaka kumi.

Basi tutapambanuaje? Yafaa kuitazama kazi yenyewe, wala si shida ya mtu aitafutaye. Tujiulize maswali matatu.

Kwanza, je, kazi hii ina mwisho? Kuezeka paa, kuchimba kisima, kuchuma kahawa iliyoiva: hizo ni kazi zenye mwisho, nazo zafaa mapatano. Bali kupika chakula cha wanafunzi kila siku, kulinda ghala kila usiku, kulea watoto nyumbani mwaka hata mwaka, hizo hazina mwisho. Kazi idumuyo yataka mtu wa kudumu.

Pili, ni nani aiongozaye kazi? Fundi wa kweli huja na msumeno wake na wasaidizi wake, huchagua njia yake, nasi twamdai kazi iliyokamilika. Lakini ikiwa sisi ndio tumpangiao saa ya kuingia na ya kutoka, na vyombo ni vyetu, mtu huyo ni mtumishi wetu, hata tukimwita mkandarasi.

Tatu, je, anao wateja wengine? Mtaalamu wa hesabu akaguaye vitabu vya duka mara moja kwa mwaka huwahudumia wengi, wala hakuna haja ya kumwajiri. Lakini yule ambaye riziki yake yote yatoka mkononi mwetu, amekwisha kuwa juu ya dhamiri yetu.

Sheria ya nchi nayo hufuata njia hiyo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, fungu la 61, yasema kwamba mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata moja tu ya dalili zilizotajwa humo laonekana. Baadhi ya dalili hizo ni hizi: kuongozwa namna ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kupewa vyombo vya kazi, kumtumikia mtu mmoja tu, au kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina lililoandikwa katika karatasi halibadili ukweli.

Sasa tupige hesabu. Chukueni mlinzi mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 20, yaani shilingi 80,000, naye hawezi kukatwa zaidi ya nusu. Mwajiri atoa shilingi 40,000. Mwajiri amwitaye mlinzi huyo kibarua ili akwepe mchango huo, ajue ni nini alichomnyang'anya: akiba ya uzee wake. Tena amemwondolea likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na akiwa ni mama, amemwondolea siku 84 za uzazi. Mzigo huo hautoweki kwa kuwa hatukuubeba sisi. Watoto wake ndio watakaoubeba.

Huenda mtu akasema: “Lakini yeye mwenyewe alikubali.” Baba Mtakatifu Leo XIII alilijibu neno hilo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mfanyakazi akubaliye masharti magumu kwa sababu ya dhiki, au kwa kuogopa mabaya zaidi, ameonewa. Njaa haiwezi kuwa shahidi wa mapatano ya haki.

Hata hivyo twawaonya pia wenye moyo wa huruma usio na kipimo. Kumwajiri mtu kwa kudumu, na hali duka haliwezi kumlipa miezi yote, ni kumwahidi mkate usiokuwapo. Heri kumwambia kweli kwamba kazi ni ya miezi miwili, kuliko kumlimbikizia deni la mishahara.

Na mkiita fundi, timizeni haki yake pia. Andikeni kazi, bei na siku ya malipo. Msishangae bei yake ya siku ikizidi ujira wa mtumishi, kwa maana fundi hujilipia mwenyewe siku za ugonjwa na siku zisizo na kazi. Ulizeni kama wasaidizi wake wamelipwa. Wala msimzungushe kwa njoo kesho, kwani Torati iliagiza kwamba kibarua apewe ujira wake kabla jua halijatua.

Kwa hiyo, enyi wazazi na wakubwa wa kazi, kabla ya mwezi huu kwisha, wahesabuni watu wote wawafanyiao kazi. Akionekana mmoja ambaye ameitwa kibarua mwaka baada ya mwaka, na kazi yake haina mwisho, mwiteni, mwandikieni mkataba, mwandikisheni NSSF. Hiyo si sadaka. Ni deni, na deni hulipwa.