Mtandao, Kioo na Kiwambo: Tatizo la Maana katika Istilahi za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Istilahi hupimwa kwa uwezo wake wa kutofautisha dhana. Makala haya yanachunguza istilahi chache za mawasiliano ya kompyuta na vifaa vya michoro, kwa mifano ya steshenari na meza za mafundi Mbagala, wilayani Temeke. Hoja kuu ni kwamba tatizo hapa si uchache wa maneno, bali ni neno moja kubebeshwa dhana nyingi.

2.0 Mtandao

Neno hili lina asili moja na utando, yaani kitenzi tanda. Leo hutaja dhana nne: kompyuta zilizounganishwa, intaneti, kampuni ya simu, na mawimbi ya simu. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, huduma ya intaneti ilizorota nchini Tanzania. Hali kama hiyo kwa kawaida huelezwa kuwa "mtandao umekatika". Hata hivyo, hitilafu hiyo haizuii kompyuta mbili za steshenari ya Rangi Tatu, zilizounganishwa kwa swichi, kutumia printa moja. Mtandao wa ndani u mzima; kilichokatika ni njia ya kutokea nje.

Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja, ilhali ruta hupeleka data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Asiyetofautisha hayo huenda akanunua ruta mpya na kosa liko baharini.

3.0 Kioo na kiwambo

Kiwambo hutokana na wamba, yaani kukaza ngozi juu ya ngoma. Mitaani, kifaa hichohicho huitwa kioo. Neno la kwanza hutaja namna ya kutandazwa, la pili hutaja malighafi; yote mawili hayatenganishi kuonyesha picha na kuitengeneza. Kazi ya kuitengeneza ni ya kadi ya michoro. Kwa hiyo, mteja asemapo "kioo kimekufa", kosa laweza kuwa katika kadi, waya au kiwambo chenyewe. Fundi huunganisha kiwambo kingine kilicho kizima: picha ikionekana, kadi haina kosa.

4.0 Hitimisho

Si lazima kuunda maneno mapya. Virai vyenye kihusishi -a, kama vile mtandao wa ndani, mtandao wa simu na kadi ya michoro, vyatosha kutenga dhana, na intaneti ibaki kuwa jina la mtandao wa dunia. Ruta na swichi zimekwisha kuingia katika ngeli ya i-/zi-. Kinachohitajika ni kamusi kuzifafanua kwa kazi zake, ili mteja na fundi wazungumzie kitu kimoja.