Maji ya Kijani, Kirusi cha Mwani na Udhu Wetu



Katika darsa moja baada ya Alasiri, ndugu anayesoma biolojia alitueleza kuwa ukijani wa pipa letu la kutawadhia ni mwani, na kwamba mwani nao huambukizwa virusi. Papo hapo mwingine akauliza: je, virusi hivyo vitatudhuru? Na udhu wetu unasihi? Maswali ni mawili, na kila moja lina jibu lake.

Tuanze na kirusi. Chlorella ni mwani wa kijani wa maji baridi, wenye seli moja tu. Aina fulani huishi ndani ya kiumbe mdogo aitwaye Paramecium bursaria: mwani humpa chakula unachotengeneza kwa mwanga wa jua, naye huupa hifadhi. Mapema miaka ya 1980, James Van Etten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walianza kuchunguza kirusi cha mwani huo, PBCV-1. Mwani ukiwa ndani ya mwenyeji wake huwa salama. Ukitoka nje, kirusi huupata.

Kirusi hujishikiza kwenye ukuta wa seli, huutoboa kwa vimeng'enya vyake, kisha huingiza DNA yake na kuacha ganda nje. Baada ya saa 6 hadi 8 hivi seli hupasuka na kutoa chembe mpya zipatazo 1,000.

Lakini kirusi kisipoutambua ukuta, kazi haianzi. PBCV-1 huambukiza Chlorella variabilis, ila hakiambukizi Micractinium conductrix, ingawa mwani huu nao huishi ndani ya Paramecium bursaria. Virusi vya huu wa pili navyo haviambukizi ule wa kwanza. Kwa macho yetu ni mwani ule ule wa kijani. Kwa kirusi, ni milango miwili yenye kufuli tofauti. Sasa, seli za mwanadamu hazina ukuta kabisa. Njia anayoingilia mwani, kwetu haipo.

Ama udhu, mafakihi wa Kishafii walilijibu zamani. Maji yaliyobadilika kwa mwani uliomea humo wenyewe, nao wanauita tuhlub, hubaki twahara na yenye kutwaharisha, kwa kuwa ni vigumu kuyakinga nao. Kinachotazamwa ni kitu kilichoyabadilisha maji, si rangi peke yake. Yakibadilishwa na najisi, hukumu ni nyingine.

Hata hivyo, tusichanganye twahara na usalama wa kunywa. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na maji yaliyoingiwa na kinyesi, yawe ya kijani au meupe. Na ukijani wa ziwani mara nyingi si Chlorella bali ni sianobakteria, ambazo baadhi yake hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Kwa hiyo tulisugue pipa letu na tulifunike vizuri, kwani mwani hauoti pasipo mwanga.

Ndugu zangu, hukumu ya kitu huja baada ya kukijua. Yule wa biolojia alitujuza kitu, fiqhi ikatupa hukumu yake. Tuzidi kuulizana.

Wallahu a'lam.