UGONJWA WA SUKARI: NJOONI KWENYE MAFUNDISHO, BABA NA MAMA PAMOJA



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya kofia, miwani na viatu vya sekirite. Leo tunaongea juu ya hatari moja ambayo mtu anaingia nayo kazini ndani ya damu yake: ugonjwa wa sukari, ambao waganga wanauita diabeti.

Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi alifika kwangu dereva mmoja wa kamyo kubwa. Tulipima damu, tukaona sukari imepanda sana. Munganga akamwandikia vidonge vya kuishusha. Mimi nikaongeza shauri langu: « Baba, acha sukari, acha pombe, punguza bukari. » Nikamwita mgonjwa mwingine. Nilimaliza kazi yangu kwa dakika tatu.

Yule baba alikuwa mtu wa kutii. Jioni ile alimeza kidonge chake, akaacha bukari yote, akaenda kwa posti ya usiku na tumbo tupu. Karibu na mapambazuko alianza kutetemeka na kutoka jasho, akasema maneno yasiyo na maana. Wenzake walisema: « Amelewa. » Bahati njema kamyo ilikuwa imesimama inangojea kupakiwa. Walimteremsha, na kijana mmoja aliyekuwa na chai ya sukari akamnywesha. Baada ya robo ya saa yule baba aliuliza: « Niko wapi? »

Kesho yake bibi yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema: « Munganga, ulimwambia vitu vya kuacha. Haukumwambia vitu vya kula. Na mimi ninayepika, hukuniita. »

Maneno hayo ndiyo yanaonyesha sababu ya kuwa na mafundisho ya ugonjwa wa sukari. Kidonge peke yake hakitoshi. Munganga anakuona mara moja kwa mwezi; siku zingine zote munganga wako ni wewe mwenyewe, pamoja na watu wa nyumba yako. Basi tuone mambo yanayofundishwa.

1. UGONJWA WENYEWE

Bukari, mihogo, mkate na viazi vinageuka sukari ndani ya mwili. Sukari hiyo ni nguvu ya kazi, kama vile mazuti ni nguvu ya kamyo. Lakini ili iingie katika nyama ya mwili inahitaji ufunguo. Ufunguo huo unaitwa insulini, na unatengenezwa na kiungo kilicho nyuma ya tumbo, jina lake pankreasi. Ufunguo ukikosekana ao usipofungua vizuri, sukari inabaki katika damu na kuharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Kuna namna mbili kubwa. Namna ya kwanza inashika zaidi watoto na vijana: mwili hautengenezi tena insulini, na lazima mgonjwa apigwe sindano kila siku. Kabla ya mwaka 1922, ambapo insulini ilitumiwa kwa mtu mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, watoto hao walikufa. Namna ya pili inashika zaidi watu wazima, hasa wanene na wasiotembeza mwili.

Dalili ni hizi: kukojoa mara nyingi, kiu isiyokwisha, kukonda, kuchoka, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona. Si ulozi, wala si deni la mababu. Njoo upimwe. Asubuhi kabla ya kula, ikionekana miligramu 126 ao zaidi kwa desilitri ya damu, tunapima tena siku nyingine ili tuwe hakika.

2. SAHANI

Wengi wanafikiri mgonjwa wa sukari hali tena bukari. Sivyo. Gawanya sahani yako: nusu nzima iwe mboga, kama lengalenga, matembele ao sombe isiyojaa mafuta, robo iwe bukari, robo ya mwisho iwe samaki, maharagwe ao nyama. Kula kwa saa zako na usiruke chakula. Soda na chai ya sukari nyingi, ziache. Mama, usipike sufuria mbili: chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

3. SUKARI IKISHUKA

Hii ndiyo hatari kubwa kazini. Mtu anayepigwa insulini, ao anayemeza namna fulani za vidonge, akikosa kula, akifanya kazi nzito kuliko desturi, ao akinywa pombe bila chakula, sukari yake inaweza kushuka chini ya 70. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unapiga mbio, kichwa kinachanganyikiwa. Msiseme haraka kwamba amelewa! Fanyeni hivi:

— Asimame kazi mara moja, awe mbali na mashini.
— Mpeni vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji.
— Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpeni tena.
— Akipata nafuu, ale chakula.
— Kama amezimia, msimtie kitu kinywani, kitamsonga. Mlazeni kwa ubavu, mwite watu wa dispanseri mbio.

Mgonjwa awe na sukari mfukoni siku zote. Na shefu wa ekipi ajue, hata kama haya zinakushika. Kuficha ugonjwa ili usitolewe kwenye usukani ni kuweka roho yako na roho za wenzako mashakani. Zungumza na munganga wa kazi; atatazama posti inayokufaa.

4. MIGUU

Sukari inaua mishipa ya kusikia maumivu. Mtu anaweza kutembea posti nzima na jiwe ndani ya kiatu bila kujua. Kidonda kidogo kinaoza, na mwisho wake ni kukatwa mguu. Kwa hiyo: kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Vaa soksi kavu. Kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama na nyayo. Kama huoni vizuri, mtoto akutazamie. Usitembee miguu mitupu.

5. DAWA

Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Mwenye insulini asiiache hata siku anayougua na kutapika. Aje mbio kwetu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae katika frigo, si mahali pa barafu. Nyumba isiyo na frigo itumie vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati: ndani panakuwa baridi kidogo.

Yule dereva alirudi, safari hii na bibi yake. Waliketi pamoja kwenye mafundisho, mama akashika daftari. Mimi pia niliketi, nikajifunza kuuliza kabla ya kukataza: unakula nini, saa ngapi, nani anapika?

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Mwenzako anatetemeka na kuongea ovyo. Utafanya nini kwanza?
2. Bukari inachukua sehemu gani ya sahani?
3. Leo jioni, nani katika nyumba yenu ametazama miguu ya baba?

Mkishindwa kujibu moja, njooni mtuulize. Afya njema kwenu wote.

Msaidizi wa munganga